Bonyeza Umsaidie Mwanetu

9 Februari

Kwako Bwana Haraka,

Hujambo huko? Sisi huku tupo, tunasukuma siku. Binamu yako mkubwa amejifungua mtoto wa kike, mdogo wa umbo lakini sauti kaichukua ya babu yenu, akilia mtaa wa pili wanajua ana njaa. Paa la chumba cha kukatia vitambaa lilikuwa linavuja, tumeliziba, sasa linavujia upande mwingine. Shule zimefunguliwa na tumezama kwenye marinda hadi shingoni. Mimi nashona, mama yako ananyoosha, na wazazi wamejazana mlangoni wanataka kesho sare walizozikumbuka leo.

Usishangae kupata barua. Kwenye simu nikikuandikia mambo ya maana unanijibu "poa". Mimi sikukuogesha na kukufunga nepi uje kuniambia poa. Karatasi utaisoma yote, na karani wa mizigo pale stendi ataipakia bila kunidai kitu, kwa sababu ya suruali yake niliyoipunguza kiuno.

Sasa hiyo tovuti yako. Binamu yako ametueleza mpaka tukaelewa: wewe unaandika, pembeni kampuni inaweka matangazo ya watu, na kila mtu anapobonyeza tangazo, wewe unapata chochote. Mimi nilidhani hiyo ni kazi ya uvivu, nisamehe. Halafu nikasoma zile kurasa zako za madoa. Kutu kwenye shati jeupe, ndimu na chumvi, anika juani. Wino kwenye kola. Mafuta ya cherehani kwenye kaki. Nikamsomea mama yako huku ananyoosha. Akasema, "Mbona huyu ananisema mimi?" Nikamwambia, wifi, ni wewe kweli, mwanao amekuandika wewe mzima mzima. Alicheka mpaka akaiweka pasi chini.

Basi tukakaa kama ukoo. Tumechangia harusi, tumechangia misiba, tumechangia karo za watoto ambao leo hata salamu hawatupi. Tutashindwaje kuchangia kidole? Nimefungua kundi kwenye simu, nimeliita Bonyeza Umsaidie Mwanetu. Kila mtu akiamka, kabla ya chai, anafungua tovuti yako na kubonyeza. Asiyebonyeza namtaja hadharani. Shemeji yako yule mnene nimeshamtaja mara mbili.

Wa kwanza kila siku ni mama yako. Anavaa miwani, anafuta kidole kwenye aproni eti kisiteleze, anabonyeza, halafu anasema, "Haya, kula mwanangu." Ndipo anawasha pasi.

Ni mzima, ila kiatu kipya kimemchubua kisigino. Kidogo tu. Nimemwambia aonyeshe siku yake ya kliniki ya sukari.

Andika kwa mkono. Nitajua kama umefupisha.

Shangazi yako, fundi wa sare

27 Februari

Shangazi yangu mpenzi,

Nimepokea barua yako nikaisoma nimesimama palepale dirisha la mizigo, watu nyuma yangu wanakohoa. Mimi mzima. Hongera kwa mtoto, na kama sauti ni ya babu, basi mama yake Mungu amsaidie. Poleni na paa.

Huku bado tunaishi chumba kimoja na rafiki yangu fundi simu. Upande wake wa meza umejaa simu zilizopasuliwa, upande wangu kompyuta inayopata joto mpaka unaweza kunyooshea nguo. Kazi ya duka la fotokopi nimeiacha. Usigune, najua umeguna. Nilichoka kutoa nakala za maisha ya watu wengine, nikaona bora nifanye changu.

Binamu amekueleza vizuri. Niongeze tu kwamba matangazo siyachagui mimi, mtambo wa kampuni ndio unayachagua. Ila kuna mahali ninapoweza kuzuia aina nisizozitaka. Nimezuia kamari, nimezuia mikopo ya kinyonyaji, nimezuia dawa za waganga wa mitandaoni, wale wanaotibu kila kitu kuanzia kikohozi hadi mume mkorofi. Sitaki mtu aje kutafuta dawa ya doa aondoke kaibiwa. Mama alinifundisha nguo ya mtu irudi safi kuliko ilivyokuja, nami nataka iwe hivyo.

Kuhusu kundi. Shangazi, nilicheka mpaka nikatokwa machozi, halafu nikaogopa kidogo. Kampuni haitaki watu wa nyumbani wabonyeze. Wanasema ni udanganyifu. Lakini sasa mkiacha ghafla wote kwa pamoja nao watashtuka. Kwa hiyo msiache, ila mpishane, huyu leo, yule kesho. Mama peke yake haina shida, mmoja haonekani.

Mwambie asante. Mwambie nakula. Mwezi wa nne nakuja niwaone.

Mwanenu, yule yule wa Haraka

20 Mei

Kwako,

Tu wazima, na wewe natumaini hivyo. Mtoto wa binamu yako ameanza kujigeuza. Karani wa mizigo ameoa. Mwezi wa nne ulikuja, ila ulikuja peke yake, wewe hukuwemo. Mama yako alikuwa ameshanyoosha shuka za kitanda chako. Amezikunja tena.

Nikwambie nilichokiona.

Jumatatu alikuja mwalimu wa shule ya jirani na kola yenye wino. Nikajitia mbwembwe. Nikamwambia, mwalimu, kaa, nikuonyeshe, dawa yake imeandikwa na mtoto wetu na inasomwa dunia nzima. Nikampa chai. Nikafungua simu nikamwekea mbele ya uso.

Toba! Mguu wa mtu umeoza, umefunguka kama mkoba, na ndani mna vitu vinatembea. Juu yake maandishi makubwa: USITAZAME KAMA UNA MOYO MWEPESI. Nikavuta chini haraka nipate kola yangu. Jino limetobolewa na funza. Nikavuta. Tumbo la mwanamke. Nikavuta. Jipu linakamuliwa, Bwana Haraka, tena siyo picha iliyotulia, linajikamua lenyewe, likiisha linaanza upya! Mwalimu aliweka kikombe chini taratibu. Akaniambia asante, kola atailoweka mwenyewe nyumbani. Ile chai nimeimwaga, na kikombe nimekisugua kana kwamba yeye ndiye alikuwa na jipu.

Nilirudi baadaye nikatafuta ndimu na chumvi ya mama yako. Nimeikuta chini kabisa, katikati ya bawasiri na harufu ya kinywa. Aibu niliyoisikia siwezi kukuandikia. Ni kama mtu amechukua meza ya chakula ya nyumbani kwetu akaigeuza ya kuoshea maiti, halafu sahani akaziacha palepale.

Ulipatwa na nini? Nani alikwambia watu wanataka kuona usaha asubuhi? Mimi ninashona nguo za watoto, na watoto wanajua kutapika, kujisaidia na kutoka damu za pua. Nguo zote hizo zimepita mikononi mwangu. Sijawahi kusikia kinyaa namna hii. Uchafu wa mtoto ni bahati mbaya. Wako umeupanga, ukaupiga na picha.

Nilimuuliza mama yako, wifi, na wewe unabonyeza hapa kila siku, huoni haya madude? Akajibu bila kuinua macho kwenye pasi: "Ya mwanangu hayo. Yangekuwa mabaya asingeyaweka."

Kisigino bado hakijafunga. Anasema kinaendelea vizuri. Amekuwa anavaa soksi.

Shangazi yako

11 Juni

Shangazi,

Shikamoo, na poleni na kazi. Natumaini mu wazima wote, pamoja na bibi harusi wa mizigo. Samahani kwa mwezi wa nne. Rafiki yangu alihama, kodi ya chumba ikaniangukia mimi peke yangu. Sitaki kuongea habari hiyo.

Umenikasirikia na una haki. Lakini nisikilize kidogo. Madoa hayalipi. Niliandika kurasa za madoa kwa miezi, nikaziandika kwa moyo, na waliokuja ni nyinyi na watu wachache wenye mashati. Mtu wa doa anasoma, anapata jibu, anaondoka. Anafurahi na haonekani tena. Mtu aliyechukizwa ndiye anakaa. Anaziba macho, anafungua vidole, anatazama, anamwita mwenzake naye atazame. Kila anapovuta chini anakutana na tangazo. Kinyaa ndicho kinauzika, shangazi, wala sikukigundua mimi. Nimekikuta.

Na usidhani nayapenda. Picha hizo nazipunguza mpaka zinakuwa ndogo kama ukucha, nazipandisha zikiwa hivyo, sizitazami tena. Chakula nakula nimeipa kompyuta mgongo. Kuna siku muuza maziwa aligonga mlango, akachungulia, akaona kilichokuwa kwenye kioo. Tangu hapo ananiachia maziwa nje na haniamkui.

Ni ya muda tu. Nikisimama, nafuta yote, narudi kwenye madoa. Naapa.

Mama mguu umepona?

Mwanenu

24 Julai

Shangazi,

Salamu sana. Hii ni fupi. Mbona kimya? Nilikuandikia mwezi wa sita, jibu sijapata. Kundi la ukoo nalo limekufa, hakuna hata wa kutajwa. Mama nikimpigia anasema "nina pasi mkononi" na kukata. Sauti yake siyo yake.

Nimejipa moyo kwa kitu kimoja. Huku kwenye kompyuta naona mibonyezo inatoka wapi. Kila asubuhi, saa ile ile, kuna mmoja wa huko nyumbani. Nikiuona najua mama ameamka, miwani ipo, aproni ipo. Nasema basi, wazima.

Niandikie hata mstari.

Mwanenu

8 Agosti

Kwako,

Salamu. Tupo. Mtoto amepata meno mawili. Habari njema zimeishia hapo.

Ulitaka mstari, nitakupa yote, na ukae chini.

Mwezi wa saba mwanzoni chumba cha pasi kilianza kunuka. Kwanza kidogo, ukiingia tu, halafu kikawa kinakupokea mlangoni. Nikasema panya kafia humu. Mama yako naye akasema, "Panya huyo." Tukahamisha kabati. Tukatoa marobota yote ya kitambaa, tukayakung'uta nje. Nikapiga magoti na tochi nikachungulia chini ya kila kitu, na mama yako ananishikia ufagio, anainama na mimi, anasema angalia na pale, angalia na nyuma ya mtungi. Kutwa nzima. Jioni nikamwaga dawa ya choo sakafuni nikasema atakuwa darini.

Asubuhi ya pili yake ananyoosha, nikapita nyuma yake na rundo la sketi. Nzi wametua kwenye soksi yake. Hawakuwa wawili watatu. Nikaziangusha sketi.

Alijua. Alijua, akanishikia ufagio nitafute panya! Nilimvua ile soksi kwa nguvu, anapigana nami, mtu mzima na heshima zake, "Niache wifi, niache, inapona, mwenyewe amesema lazima inuke kwanza ndio sumu inatoka." Nani amesema? Hataki. Soksi ilitoka na ngozi. Sitakuandikia nilichokiona kwa sababu umeshakiona. Umekipandisha wewe mwezi wa tano, kidogo kama ukucha. Mimi nimekiona kwa ukubwa wake, kwenye mguu ninaoufahamu, nikakimbilia mlangoni nikatapika juu ya ndara zangu mwenyewe.

Hospitali wamemlaza. Niliporudi kumchukulia nguo nikafungua kopo lake la wanga nipate kitambulisho, maana huwa anaficha humo, nikakuta vipakiti. Unga wa kahawia. Jina na namba ya simu, na picha ya mguu mzuri wa kijana. Nikaipiga ile namba. Akapokea mwanamume mwenye sauti tamu, akaniita mama kabla sijasema kitu. Akaniambia dawa yake haichanganywi na za hospitali, nikitaka kupona niache vidonge vya sukari na sindano zote. Nikamtukana matusi ambayo sikujua ninayo.

Mama yako ameacha kliniki tangu mwezi wa tano. Nilimuuliza kitandani, huu uchafu umeupata wapi? Akageukia ukutani. Nikamwuliza tena. Akasema, "Kwa mwanangu."

Alikuwa anabonyeza akusaidie, kila asubuhi, na kila asubuhi mguu ule ule na namba ile ile vinamtazama. Mwisho akaamini. Na mimi ndiye niliyemfundisha pa kubonyeza.

Amenikataza nisikwambie. Anataka nikwambie pasi ilimwangukia. Sisemi uongo kwa ajili ya mtu yeyote.

Nijibu swali moja tu. Tangazo lile liliingiaje kwako?

Shangazi

19 Agosti

Shangazi,

Nimeisoma. Nimeshindwa kula. Mwambie mama nampenda na namwombea. Madaktari wanasemaje? Nataka nije lakini nasubiri malipo ya kampuni mwisho wa mwezi, nilipe hospitali kwanza, nisije mikono mitupu.

Kuhusu swali lako. Kama nilivyokueleza, matangazo siyachagui mimi. Mtambo unamsoma msomaji, unamwekea kile unachodhani anakihitaji. Mama pengine alitafuta habari za kidonda, ukamfuata na dawa za kidonda. Ndivyo inavyofanya kazi kote, hata kwenye tovuti kubwa za habari. Ni jambo la kusikitisha mno.

Mwanenu

30 Agosti

Kwako,

Mguu wameukata, chini kidogo ya goti. Ni juzi. Yu hai.

Nilikuwepo muuguzi akibadilisha bandeji, nikashika taa kwa sababu chumba kilikuwa na giza. Mama yako ananitazama mimi, anatafuta kwenye uso wangu kama inachukiza. Nikajikaza nisikunje pua. Hiyo ndiyo kazi uliyoniachia, kujikaza nisimkunjie pua wifi yangu.

Barua yako haina hata harufu ya mtu. "Ni jambo la kusikitisha mno." Ndio lugha gani hiyo, ya tangazo la kukatika maji? Mimi fundi, nguo niliyoipokea naikumbuka. Mwezi wa pili uliniandikia kwa mkono wako kwamba kuna mahali unapoweza kuzuia, na kwamba waganga wa mitandaoni umewazuia. Nilijivuna kwa sentensi ile. Nilimsomea mama yako. Hiyo ndiyo sababu aliamini, mpumbavu wewe! Alisema mwanangu matapeli amewafungia nje, kwa hiyo huyu aliyebaki ndani ni wa kweli.

Malipo yako ya mwisho wa mwezi kaa nayo. Hospitali ukoo umeshachanga.

Kwa hiyo nauliza tena, na safari hii ukiniletea mtambo, barua itarudi bila kufunguliwa. Nani alifungua mlango?

Shangazi

21 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Sina habari za kukupa salamu nazo, kwa hiyo nakuja kwenye swali.

Mimi.

Nilifungua mwezi wa nne, kodi iliponizidi. Dawa ndizo zinazolipa kuliko vyote, na za kidonda cha sukari zinalipa kuliko dawa nyingine, kwa sababu wanaozibonyeza wananunua kweli. Nilijua. Nilijua hata wanaozinunua ni watu wa namna gani. Nilijiambia ni watu wengine, wa mbali, wajinga. Ndiyo, hilo neno nilijiambia. Kidonda cha mama nilikuwa nimekisoma kwenye barua yako mwezi wa pili, hakikunijia kabisa kichwani.

Ningeweza kuishia hapo na ungebaki na mtoto wa kaka yako aliyekosea. Lakini umesema uongo husemi, na mimi nimechoka. Barua yako ya panya ilipofika nilikaa kwenye kompyuta palepale nikayazuia yote. Nilikuwa nalia. Kesho yake nikatazama mapato, hayapo. Kesho kutwa hayapo. Siku iliyofuata nikayafungua tena, shangazi. Nilijua mama yuko kitandani kwa ajili yake, nikayafungua, halafu ndipo nikakuandikia ile barua ya mtambo. Nikikumbuka kidole changu siku ile natamani kujitapika nitoke. Picha za majipu sasa naweza kuzitazama bila shida. Kioo cha kunyolea ndicho siwezi.

Ningependa pia kukwambia kwamba baadaye niliifunga tovuti kwa uchungu. Sikuifunga. Nilifungiwa. Kampuni imeniandikia kwamba kuna udanganyifu, kuna mtu mmoja, mahali pamoja, amebonyeza kila asubuhi bila kukosa kwa miezi. Hata siku za hospitali, maana nadhani alikuwa na simu chini ya mto. Yale malipo niliyosema nitalipia hospitali wameyafuta yote. Mlikuwa mmeacha wote, shangazi. Alibaki mama tu.

Nimerudi duka la fotokopi. Wamenichukua. Nataka kuja na siwezi. Nitamtazama wapi? Nikimtazama usoni ataniuliza kama nimekula. Nikitazama chini, ndiyo hivyo.

Mwambie nimeambiwa ni pasi. Tafadhali. Mwache adhani nimeamini.

Haraka

6 Oktoba

Kwako Bwana Haraka,

Salamu. Mtoto anatambaa, anakula uzi. Paa limezibwa upande wa pili. Mama yako yuko nyumbani tangu wiki iliyopita. Nimemtengenezea kimto cha kuweka kwenye gongo, chini ya kwapa, kwa mabaki ya kaki, na stuli ndefu ya kukalia akinyoosha. Nilimwambia apumzike. Akaniambia marinda hayashikwi na miguu.

Barua yako niliisoma, nikaitupa, nikaiokota. Umenichukiza kuliko nilivyojua mtu anaweza kunichukiza. Sikuongezei hapo, hata wewe umeshasema. Lakini angalau safari hii ameandika mtu.

La pasi nimelikataa. Hapana. Mwanamke amekatwa mguu, ukweli nao asikatiwe.

Tena lisingemsaidia. Tangu arudi, kila asubuhi mambo ni yale yale. Miwani. Kidole kwenye aproni. Anafungua tovuti yako, haina tangazo hata moja, kurasa nyeupe tu zenye mapengo. Anabonyeza pengo. Anasubiri. Anabonyeza jingine. "Mtandao leo mzito," anasema. Nilivumilia siku nne. Leo nikashindwa, nikachukua kiti nikakaa mbele yake nikamwambia yote, kwa mpangilio. Kwamba ulikuwa umezuia, ukafungua. Kwamba ulijua unga ule ni wa nini. Kwamba ulizuia tena kwa ajili yake, na siku ya tatu ukafungua tena. Kwamba kampuni imekufungia, na kilichokufungia ni kidole chake.

Alikuwa na shati la mtoto mbele yake. Alilinyoosha mpaka mwisho. Kola, mikono, mgongo. Akalitundika, akafunga kifungo cha juu. Mimi nangoja. Nilitaka alie, nakwambia ukweli, nilitaka akutukane, nilitaka niwe na mwenzangu wa kukuchukia.

Akauliza, "Wamemfungia kabisa?"

Nikasema kabisa.

Akavua miwani, akaifuta, akairudisha.

"Basi atakula nini?"

Nilitoka nje. Nilisimama uani nikatukana kuku wa jirani. Niliporudi alikuwa bado ananitazama, anangoja nimjibu, na simu iko mkononi.

Kesho atauliza tena. Shuka zako ameshazinyoosha. Njoo umjibu mwenyewe.

Shangazi yako